Shahidi Hasemi Zaidi ya Alichoona

Anayeitwa mahakamani kutoa ushahidi hupewa kazi moja: aseme alichokiona na alichokisikia. Akitia chumvi, hata kwa nia njema ya kumsaidia aliyemwita, wakili wa upande wa pili hulidaka hilo moja la uongo na kulitumia kuyaangusha mengine tisa ya kweli. Naanzia mahakamani kwa sababu neno letu la kanisani, ushuhuda, lina asili hiyo hiyo. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, martus alikuwa shahidi wa kesi kabla hajawa mtu anayeuawa kwa ajili ya imani, na Kiswahili nacho kimezibeba maana zote mbili katika neno moja, shahidi.

Sasa tazama linalotokea muumini anapofikwa na shida: ugonjwa, msiba, kuachishwa kazi, madeni, ndoa inayoyumba, kusingiziwa. Watu wanamwangalia. Wapo wanaomhurumia, na wapo wanaotaka kuona kama yale aliyokuwa akiyasema siku za raha yatasimama. Naye akishajua kwamba anaangaliwa, hutamani aonekane imara. Ndipo anapoanza kusema asichokiona. "Mimi sina wasiwasi wowote." "Nimeshapona kwa jina la Yesu," na kidonda bado kinavuja. Naona ushuhuda unaharibikia hapa mara nyingi zaidi kuliko kwenye kumkana Kristo waziwazi. Mtu anamtetea Mungu kwa maneno yasiyo ya kweli, kisha siku ukweli ukijulikana anayeonekana mwongo ni Mungu.

Marafiki wa Ayubu ndio mfano mkuu wa kosa hili. Walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hilo ndilo jambo bora walilofanya katika kitabu kizima. Walipofungua midomo wakaanza kumtetea Mungu: hakuna anayeteseka bila kosa, kwa hiyo lazima una dhambi uliyoificha. Katika sura ya 13 Ayubu anawauliza, je, mtasema yasiyo ya haki kwa niaba ya Mungu? Na mwishoni, 42:7, hasira ya Mungu inawawakia wao waliomtetea, na Ayubu aliyelalamika ndiye anayeambiwa kwamba amenena yaliyo sawa. Ukisoma hapo taratibu utaacha kuogopa kusema kwamba inauma.

Lugha yenyewe hututega kidogo. Ukiulizwa "hujambo?" jibu ni "sijambo", hata homa ikiwa kali. "Habari?" ni "njema", na ubaya wote husubiri nyuma ya neno "ila". Kwa mpita njia, njema inatosha. Aliyesimama akasubiri, mwambie yaliyo baada ya ila.

Kulalamika mbele za Mungu kuna namna yake, na kunafundishika. Chukua Zaburi ya 13, ina aya sita tu. Aya mbili za kwanza ni malalamiko matupu: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Maneno hayo "hata lini" yanarudi mara nne. Aya ya tatu na ya nne ni ombi, na ombi lina sababu zake. Mbili za mwisho ni tumaini. Fanya vivyo hivyo kwenye karatasi. Andika sentensi mbili za malalamiko ukilitaja jambo kwa jina lake: "maisha ni magumu" hapana, "daktari amesema figo ya pili nayo inaanza kushindwa" ndiyo. Kisha ombi moja lenye ukubwa wa leo: nipate usingizi, nisimjibu vibaya shemeji, matokeo ya vipimo yatoke. Kisha jambo moja ambalo wewe mwenyewe umemwona Mungu akilitenda, si ulilosimuliwa. Dakika kumi zinatosha, na ukifanya hivyo asubuhi, kabla simu haijaanza kuita, ni bora zaidi.

Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza ni kurukia tumaini, malalamiko yakabaki tumboni na kutokea baadaye kama ukali kwa watoto. La pili ni kuyapeleka malalamiko kwa kila mtu isipokuwa Mungu. Hapo yanageuka manung'uniko, na manung'uniko huambukiza nyumba nzima. La tatu ni kulazimisha sehemu ya mwisho siku ambayo kweli huoni kitu. Iache wazi. Zaburi ya 88 haina sehemu hiyo kabisa. Inaishia na neno "gizani", na bado waliokusanya Zaburi hawakuitoa.

Mwili nao uwekwe kwenye hesabu, maana ushuhuda mwingi unaodhaniwa umeanguka kiroho umeanguka kwa uchovu. Eliya katika 1 Wafalme 19 alikaa chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, Eliya akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Swali la "unafanya nini hapa" lilikuja baadaye sana, baada ya mwendo wa siku arobaini mpaka mlima Horebu. Anayemuuguza mgonjwa nyumbani apangiwe zamu, apate angalau usiku mmoja wa kulala moja kwa moja katika kila tatu. Asipopangiwa, wiki ya tatu atamfokea muuguzi mbele ya wodi nzima, na watu wataondoka na fokeo lile, si na miezi yote ya uvumilivu.

Na kama usingizi, hamu ya kula na hamu ya mambo yote vimeondoka kwa wiki mbili mfululizo, huo ni wakati wa kumwona mtaalamu wa afya, maombi yakiendelea. Wazo la kutaka kufa likija, mwambie mtu siku hiyo hiyo, usibaki peke yako, na uende hospitali. Eliya alilisema kwa sauti, na alisaidiwa.

Kwenye dawa nitasimama kidogo, kwa kuwa hapa ndipo jina la Yesu linapotukanwa bila sababu. Mgonjwa anaombewa, anajisikia nafuu, anatangaza amepona, anaacha vidonge. Dawa za shinikizo la damu hazina maumivu ya kukukumbusha kwamba umeacha. Kiharusi kinaweza kuja bila hodi. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, na nafuu huja mapema, mara nyingi ndani ya wiki chache, huku vijidudu bado vipo. Anayeacha hapo huweza kurudiwa na ugonjwa uliojifunza kuishinda dawa, na kuwaambukiza wa nyumbani mwake. Mwenye ARV au insulini naye asiguse dozi bila daktari. Ukiamini umeponywa, nenda ukapime, umwache daktari ndiye aseme. Mtu wa kweli haogopi kipimo. Mfalme Hezekia aliahidiwa na Mungu mwenyewe kupona na kuongezewa miaka kumi na mitano, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa zimo katika sura moja, 2 Wafalme 20, wala hazigombani.

Upande wa pili wapo wanaoficha ugonjwa kwa kuona aibu kwamba muumini ameugua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kabla ya kifo huumbuliwa na uwongo mdogo mdogo wa kila siku: nilikuwa safarini, nilikuwa na kazi nyingi.

Si lazima kila mtu ajue kila kitu. Wanatosha watu watatu. Wa kwanza anajua yote, pamoja na yale usiyoyaandika popote. Awe mtu ambaye siri kwake haipiti mlangoni. Wa pili hushughulika na mambo ya mikono: kwenda kuchukua majibu, kulala na mgonjwa, kupokea simu za watu wanaotaka kujua hali. Wa tatu ana ruhusa ya kukuambia ukweli, kwamba umeanza kuwa mkali, kwamba unakunywa, kwamba hujaonekana ibadani wiki nne. Ukitaka kuombewa na kundi kubwa, andika ombi mwenyewe kwa sentensi mbili na useme lisipelekwe mbele. Ombi linalopita midomo mitano hufika wa sita likiwa umbea wenye Amina mwishoni.

Watu wanapouliza unasimamaje, uwe na jibu. Mstari unaotajwa sana ni 1 Petro 3:15: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Tunaunukuu kuhimizana kusema, lakini neno lililomo ni kujibu, na anayejibu amengoja swali. Tayarisha sentensi tatu. Ya kwanza inataja kilichotokea. Ya pili inataja kilicho kigumu sasa. Ya tatu inasema kinachokushikilia. Kwa mfano: "Nimeachishwa kazi mwezi uliopita. Usiku ndio mgumu, nawaza ada ya watoto. Lakini kila asubuhi naomba, na mpaka leo sijajiona nimeachwa peke yangu." Nyamaza hapo. Haifiki nusu dakika. Aliyeuliza kwa adabu ataridhika, na aliyeuliza kwa kiu atauliza tena, ndipo utakapoendelea. Kinachoharibu jibu hili ni sentensi ya nne, ambayo kwa kawaida huanza na "na wewe pia unapaswa".

Ukiondoa sentensi ya pili, jibu linakuwa tangazo la biashara. Ukiondoa ya tatu, linakuwa taarifa ya habari. Yule aliyezaliwa kipofu, katika Yohana 9, alipobanwa na wakuu kuhusu Yesu alisema hilo la kuwa ni mwenye dhambi yeye halijui. Analolijua ni kwamba alikuwa haoni na sasa anaona. Hakuogopa kusema "sijui". Ukiulizwa kwa nini Mungu ameruhusu mtoto wako afe, na hujui, sema hujui.

Maneno yote hayo hupimwa na wale usiowahesabu kama hadhira. Mhudumu anayebadilisha shuka, mlinzi wa getini, mtoto wa ndugu anayeishi kwako, karani aliyekosea jina lako mara ya pili. Mwenye cheo hata asiyeamini humheshimu. Wa chini ndio wanaoujua ukweli wako. Chagua mmoja kati yao kila siku, umwite kwa jina na umshukuru kwa jambo mahsusi, hata siku ya maumivu. Ni jambo dogo, lakini siku mbaya linawezekana pale ambapo kuimba haiwezekani.

Halafu mdai. Huyu mara nyingi ndiye anayekufahamu kuliko mchungaji wako, na ndiye anayekwepwa kuliko wote. Kazi ikipotea, orodhesha madeni yote kwenye ukurasa mmoja: jina, kiasi, tarehe ya kulipa, na kama kuna riba. Mpigie kila mdai kabla ya tarehe kufika, wewe ukianza. Mwambie hali ilivyo na taja kiasi unachoweza kukitoa bila shaka, kiwe kidogo kuliko unachotamani kukitoa. Aliyeahidi kumi akaleta kumi anaaminika kuliko aliyeahidi hamsini akaleta thelathini, ingawa wa pili ameleta zaidi. Kisha andika mlichokubaliana na umtumie. Ahadi ya "Bwana akifungua njia nitakulipa" isitumike kabisa. Kwa mdai, maneno hayo yana maana moja tu, kwamba hutalipa, na sasa Bwana ndiye anayesingiziwa. Usikope kwa mmoja kumlipa mwingine ili uonekane mwaminifu, wala usitoe sadaka kubwa ya hadharani huku aliyekukopesha amekaa safu ya nyuma akihesabu.

Kuna dhana kwamba shahidi mzuri ni yule anayekubali kuonewa. Matendo 16 haikubaliani nayo. Paulo na Sila walipigwa kwa fimbo hadharani bila hukumu, wakatiwa gerezani, na kila mtu anakumbuka kwamba usiku wa manane waliimba. Asubuhi yake haikumbukwi sana. Mahakimu walituma watu wawafungue kimyakimya, naye Paulo akakataa: tumepigwa mbele ya watu nasi ni raia wa Rumi, wao wenyewe waje watutoe. Wakaja, kwa hofu. Baadaye alikata rufani kwa Kaisari. Kwa hiyo ukisingiziwa kazini, kusamehe hakukuzuii kuandika barua. Andika tarehe, saa, kilichosemwa, waliokuwepo. Andika siku ile ile kumbukumbu zikiwa mbichi, lakini barua ya kupeleka mbele ilaze usiku mmoja kisha ufute kila neno linaloeleza tabia ya mtu badala ya kitendo chake. Yanayobaki ndiyo yenye nguvu.

Anayepigwa nyumbani aondoke aende mahali salama. Wapo wanaomwambia abaki ili mwenzake aokoke kwa kumtazama akivumilia, na maneno hayo yamewafikisha watu kaburini. Msamaha waweza kutolewa ukiwa mbali.

Ni vizuri pia kujua mateso ni ya namna gani kabla ya kuyaita mateso ya imani. Petro mwenyewe, katika 1 Petro 4:15, anaonya mtu asiteswe kama mwizi, wala kama mtu anayejishughulisha na mambo ya wengine. Aliyeonywa kwa kuhubiri saa za kazi huku foleni ikimsubiri ameonywa kwa kuacha kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Mateso ya imani yenyewe yakija, kanisa la kale lina la kutufundisha ambalo ni la kiasi kuliko tunavyodhani. Katikati ya karne ya 2 askofu Polycarp wa Smirna alitafutwa ili auawe. Kwanza alikubali kuhamishwa, akaenda shamba moja, kisha jingine. Walipompata akaagiza wapewe chakula na kinywaji, akaomba saa moja ya kusali, akasali mbili. Alipotakiwa amtukane Kristo alijibu kwamba amemtumikia miaka 86 wala hakutendewa baya lolote. Masimulizi yayo hayo yanamtaja Quintus, aliyejipeleka mwenyewe na kuwashawishi wengine wajitokeze. Alipowaona wanyama wakali alitishika akatoa sadaka kwa miungu. Waliosimulia wakaandika kwamba hawawasifu wanaojitoa wenyewe, kwa kuwa Injili haifundishi hivyo. Yesu alisema wakiwafukuza mji huu, kimbilieni mwingine. Cyprian, askofu wa Carthage, alijificha mwaka 250 kaisari Decius alipoamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu na kupewa cheti. Aliongoza kanisa kwa barua, akasemwa kwa kukimbia. Mwaka 258, chini ya kaisari Valerian, alikatwa kichwa bila kukana. Kukimbia kwake hakukuwa kukana, ingawa wakati ule wengi hawakuweza kuona tofauti.

Amri ile ya Decius ilileta swali jingine lililo letu pia. Wakristo wengi walianguka. Wengine walitoa sadaka, wengine walinunua cheti bila kuitoa. Hali ilipotulia wakarudi wakilia, na kanisa likagawanyika juu yao: wapo waliotaka wafungiwe mlango moja kwa moja, wapo waliotaka warudi kesho yake. Njia iliyoshika ni ya kati, toba yenye muda, na aliyenunua cheti hakuhesabiwa sawa na aliyetoa sadaka.

Ukianguka wewe, ukamtukana daktari, ukarudia chupa, ukadanganya kuhusu fedha za matibabu, fuata njia hiyo ya kati. Mwendee aliyeumizwa, si mwingine kwanza. Kitaje kitendo kwa jina: "Jana nilikuita mjinga mbele ya wagonjwa." Usiweke "lakini" baada yake, shida yako anaijua, na "lakini" itamfanya yeye ndiye akuonee huruma. Rudisha kinachorudishika. Omba msamaha bila kudai upewe papo hapo. Ukiwa na cheo kanisani, kipumzishe kwa muda mtakaokubaliana na waliokuweka. Yohana ana neno analolitumia mahali pawili tu, moto wa makaa: Petro alipokuwa akiota moto uani na kukana mara tatu, na baadaye ufukweni Yesu aliyefufuka alipowasha makaa, akawalisha samaki na mkate, kisha akamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Kwanza alimlisha.

Shida ikishapita utaombwa usimame utoe ushuhuda. Usikubali wiki ile ile. Ngoja miezi mitatu, maana furaha ya wiki ya kwanza hutia chumvi bila mtu kujua. Iandike, iwe ya dakika tano. Waombe ruhusa waliomo ndani ya habari hiyo, hasa mwenzi wako na watoto, na asiyeruhusu mwondoe. Mtaje daktari na upasuaji pamoja na maombi. Kumbuka kwamba kati ya wanaokusikiliza yupo aliyemwombea mtoto wake maombi yale yale akamzika, kwa hiyo sentensi ya "Mungu alinijibu kwa sababu sikuwa na shaka" itoke. Ulikuwa nayo, na umeiandika kwenye karatasi zako za asubuhi. Tarehe ziwe ndizo, kiasi cha deni kiwe ndicho. Na kama vidonge bado vinamezwa, sema bado vinamezwa.